Jina la Kasunjila Linaishia Kwako

Masasi, shuleni, alasiri

Kwa Edmundi, mwanangu hadi kesho jioni,

Nimejifungia darasani. Nyumbani hakuna pa kuweka hata kigoda. Jamaa za mama yako walioshuka kutoka Chilangala kuja kukuchukua wamejaa kuanzia barazani mpaka jikoni, na kila ninapopita naambiwa "Karibu, shemeji", utadhani mgeni ni mimi. Mmoja wao amekalia kiti changu cha kusomea na anatafuna korosho zangu huku akinitania kwamba mwalimu aliyestaafu hana haja ya kiti.  Nilichukua kalamu na karatasi, nikasema nakwenda kuangalia mchwa darasani. Ufunguo wa darasa sijaurudisha tangu nistaafu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Habari za blanketi, za kwinini, na za maji ya kule juu ambayo hufuatwa mpaka bondeni, hizo mwachie mama yako. Ameshazisema na atazisema tena kesho mpaka lori liondoke. Mimi nataka kukueleza habari za jina letu, na nikingoja hadi kesho nitakuwa nimechelewa. Kesho ukishakalishwa kwenye mkeka wa marehemu mjomba wako na kupakwa unga wa mtama kichwani, utakuwa Namtepo, jina lake na nafasi yake. Mama yako atakuita kaka. Mimi nitakuita shemeji na nitakupa heshima za ushemeji, na yapo mambo ambayo mtu hazungumzi na shemeji yake hata wazeeke pamoja. Wewe umekua ukiwaona wajomba wakirithiwa na wapwa zao, na kwako ni jambo la kawaida kama kupanda mihogo. Mimi nimeishi nalo miaka yote ya ndoa yangu na bado limenikwama kooni.

Usidhani naandika ili ukatae. Umeshakubali, na nilikuwepo. Babu yako Lipande, mkubwa wa ukoo wa mama yako, alikuita pale barazani akasema, "Edmundi, mjomba wako ametuacha. Dada zake wengine wamezaa mabinti watupu. Mwanamume ni wewe tu. Unasemaje?" Nawe ukasema, "Nimekubali, babu," kabla mimi sijamaliza kuketi. Mama yako akaanza kulia, na yalikuwa machozi ya furaha. Mimi nilikasirika. Siku kadhaa nilikula chakula changu kimyakimya, na wewe ukadhani naumwa tumbo. Nilikasirika kwa kuwa hukuniuliza, kisha nikajiuliza, ungeniuliza ningekujibu nini? Ningesema usiende kwa sababu ya jina? Ungeniuliza jina hilo limetupa nini?

Sikiliza basi jinsi lilivyoanza, uondoke ukijua unachokiacha.

Babu yako Barnaba aliibwa akiwa mtoto, mahali fulani ng'ambo ya ziwa Nyasa. Mahali gani, hakujua mpaka anakufa. Alikumbuka maji mengi yaliyoonekana kwa mbali, na alikumbuka kubebwa mabegani na mwanamume ambaye watu waliopishana naye njiani walimsalimu kwa jina la Kasunjila, naye akawaitikia. Hayo tu. Sura ya mtu huyo ilikuwa imemtoka, kwa kuwa mtoto aliyebebwa mabegani haoni sura ya anayembeba. Mama yake hakumkumbuka kabisa. Alikuja pwani kwa miguu akiwa amefungwa pamoja na wengine, akapakiwa chomboni, chombo kikakamatwa na Waingereza, naye akapelekwa kwa mapadre Unguja. Padre alipomuuliza jina la baba yake, akasema Kasunjila. Wakambatiza Barnaba. Alipopata nguvu, akafuatana na watu wengine waliokombolewa wakaja hapa Masasi kukaa kwenye kijiji cha misheni chini ya majabali haya unayoyaona dirishani.

Wenzake wengi hawakukumbuka hata hicho kidogo. Wengine walichukua majina ya mapadre, wengine walibaki na jina la ubatizo peke yake, basi. Baba yangu alikuwa fukara, nguo yake ya Jumapili ilikuwa hiyohiyo ya Jumatatu, lakini alikuwa na majina mawili na alitembea nayo kifua mbele. Jioni alitupanga sisi wanawe mbele yake na kutuhoji. "Wewe nani?" Lawrenti Kasunjila. "Mtoto wa nani?" Wa Barnaba Kasunjila. "Mtoto wa nani?" Wa Kasunjila. "Mtoto wa nani?" Hapo tulinyamaza, naye akasema, "Hapo ndipo njia ilipozibwa. Nendeni mkalale."

Nilikua nikiamini kwamba jina ni kitu kikubwa kuliko vyote. Hilo ndilo lililoniponza. Watu wa huku, wawe Wamakonde wa juu au Wamakua na Wayao wa hapa chini, hawakuulizi baba yako ni nani. Wanakuuliza ukoo wa mama yako. Ukiutaja, mara moja unapata mjomba, unapata pa kulala, unapata mtu wa kukusemea ukiwa na kesi. Mama yangu naye alikuwa mtu wa kukombolewa. Hakuwa na ukoo, kwa hiyo mimi sina ukoo, na mjomba sina. Unaelewa? Katika nchi hii mimi ni mtu aliyedondoka toka juu.

Nililijua hilo jandoni. Kila mvulana alikuwa na mjomba wake wa kumsindikiza. Mimi nilishikwa mkono na padre, mtu mwema sana mwenye viatu vizito, akanifikisha mpaka kizingitini. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. "Mjomba wa Lawrenti ana pua ndefu." Na mimi nilicheka, maana ningefanyaje? Lakini usiku ule, na nyingine zilizofuata, niliapa kwamba nikizaa wana watakuwa Kasunjila wengi, watajaa Masasi nzima, na watu watakoma kuniuliza habari za mama.

Wakajaa? Hesabu na mimi. Kaka yangu Matayo alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani na hakurudi, wala hakuacha mtoto. Petro, mdogo wangu, alikwenda kufanya kazi kwenye katani huko Lindi, akasilimu, akaoa huko, na kwa kuwa baba yake hakuwa Mwislamu akapewa ubini wa Abdallah. Anaitwa Salumu bin Abdallah. Nilikwenda kumwona. Alinipokea vizuri, akanipikia wali wa nazi, wanawe wakaniamkia kwa adabu, "Shikamoo baba mkubwa." Nikamuuliza, "Petro, na Kasunjila?" Akasema, "Kaka, huku nikitaja Kasunjila naulizwa ni kabila gani. Nikitaja Abdallah sina anayeniuliza kitu." Sikuweza kumlaumu. Nilirudi nikijua kwamba nimebaki peke yangu.

Sasa nifike mahali ambapo nilikosea vibaya zaidi, na hapa tafadhali usisome harakaharaka.

Shangazi yako Marta alikuwa na mtoto wa kiume, Yusufu. Hukumjua. Mumewe alipofariki, Marta alimleta kwangu akiwa na miaka saba au minane, amempaka mafuta, amemvika shati jipya. Akaniambia, "Kaka, huyu ni mpwa wako. Sisi hatukukuta ukoo wa mama, lakini hata ukoo wa wengine ulianza kwa mtu. Uanze kwetu. Mimi dada, wewe mjomba. Mlee, naye siku moja atakaa kwenye jina lako."

Nikacheka. Edmundi, nilicheka kwa sauti, mbele ya mtoto. Nikamwambia, "Marta, sisi ni watu wa misheni, hatuna mambo ya wapwa. Jina linatoka kwa baba linakwenda kwa mwana, kama ilivyoandikwa katika vitabu vya ubatizo. Nami wana nitazaa mwenyewe." Alinitazama kidogo, akasema "Haya, kaka," akamshika mtoto mkono wakaondoka. Chakula kilikuwa jikoni na hawakukila. Yusufu alikua, akaenda zake Tanga kutafuta kazi. Marta alifariki bila kunitajia habari hiyo tena, na Yusufu tangu wakati huo hajaandika. Huenda ni mzee mwenzangu sasa, huenda amekufa.

Dada yangu hakujua kusoma, lakini aliijua nchi aliyozaliwa. Mimi niliyesoma nilikuwa naishi katika nchi nyingine iliyokuwa ndani ya kichwa changu. Kama ningesema ndiyo siku ile, leo ungekwenda Chilangala kuwa Namtepo na Kasunjila angebaki hapa amekaa barazani. Mila ileile inayokuchukua wewe ilikuja mlangoni kwangu kunipa mtu, nami nikaifukuza.

Basi nikazaa. Nikampata kaka yako Hugo. Nikakaa nikisema, huyo mmoja, na wengine wanakuja. Wakaja dada zako, ambao nawapenda, Mungu ananiona, lakini kila alipozaliwa mmoja nilikwenda kutembea shambani kwanza kabla ya kuingia ndani, na mama yako aliliona hilo na hakulisahau. Kisha homa ikamchukua Hugo akiwa bwenini. Uliyekuwa tumboni wakati tunamzika ni wewe. Nilikushika ulipozaliwa nikasema jina lako lote kwa sauti, Edmundi Kasunjila, mpaka mkunga akaniambia nipunguze kelele.

Mjomba wako Namtepo alikuja kukuona juma lilelile. Alitembea toka Chilangala na jogoo kwapani. Mimi nilimwona kama mtu aliyekuja kukagua mali. Naye mama yako alipomwona alikuwa mtu mwingine, alicheka, alizungumza Chimakonde kwa kasi hata nikapitwa na nusu ya maneno. Ulipofika wakati wako wa jando, nilitangaza kwamba nitakusindikiza mwenyewe, baba mtu, wala simtaki mjomba. Watu walinong'ona. Namtepo alisikia huko juu, akashuka, akakaa kando ya njia na kitambaa chake cha kaniki magotini. Nikamfuata nimevimba.

"Shemeji," nikamwambia, "nilisema sihitaji msaada."

"Sikuleta msaada," akasema. "Nimekuja kukaa tu."

"Kukaa hapa barabarani?"

"Hapa si kwako, shemeji. Ni njia."

Akakaa kweli, mpaka mkatoka. Nasikia kuna mwanamke aliyempelekea uji. Ulipotoka, mtu wa kwanza uliyemkimbilia ni yeye. Nilijaribu kumchukia mtu yule kwa miaka na nilishindwa, na kushindwa huko kulinichosha zaidi kuliko chuki yenyewe. Hakunitukana hata mara moja. Kila msimu wa korosho wewe ulipanda kwake na kila msimu ulirudi umenenepa, unaongea kama wao, unacheka kama wao. Nilikuwa nakupoteza kidogokidogo, huku nakusaidia kufunga mzigo wa safari.

Nilipoona hivyo nikapata wazo jingine la kijinga. Nikasema nitalitafuta jina kwao. Wakati ule serikali ilikuwa inalima karanga Nachingwea, na watu walimiminika kutoka pande zote, Wanyasa nao wakiwemo. Likizo ilipofika nikaomba kazi ya kuandika bidhaa stoo. Mama yako alifikiri nafuata mshahara. Nilikuwa nafuata Kasunjila. Kila Mnyasa niliyekutana naye nilimuuliza, na kila mmoja alitikisa kichwa, mpaka nilipomuuliza karani mkuu wa stoo, bwana mmoja mwenye suti na miwani, mtoto wa shemasi wa ziwani.

"Kasunjila?" akasema. "Wapo. Kwetu kuna Kasunjila."

Edmundi, sijui nikuelezeje. Nilikaa juu ya gunia. Nikamuuliza ni mtu gani.

"Mzee aliyekuwa na jina hilo alilirithi kwa mjomba wake, na mjomba wake kwa mjomba wake, wanafuatana hivyo tangu zamani. Aliye nalo sasa ni kijana wa rika langu."

"Basi huyo ni ndugu yangu," nikasema. "Baba yangu ni mtoto wa Kasunjila aliyeibwa."

Akavua miwani. "Mtoto? Au mpwa?"

"Mtoto."

"Ah," akasema, na nilimwona akitafuta namna ya kunieleza taratibu. "Mwalimu, kwetu mtoto hakai kwenye jina la baba. Baba yako alikuwa mtu wa ukoo wa mama yake. Mama yake alikuwa nani?"

"Hatumjui."

"Basi pole sana, mwalimu," akasema, na alisema kwa moyo. Akaniagizia chai.

Niliinywa chai ile. Nilirudi nyumbani mwisho wa likizo, na sikumwambia mtu yeyote, hata mama yako, mpaka hii leo ninapokuandikia wewe. Jina ambalo baba yangu alilibeba toka Nyasa, akatuhoji kwalo kila jioni, nikamfukuza mpwa kwa ajili yake, nikaenda kutembea shambani dada zako walipozaliwa badala ya kuingia kwa mama yao kwa ajili yake, halikuwa letu hata siku moja. Lilikuwa la kijana mmoja asiyetujua, aliyelipata kwa njia ileile utakayopatia wewe la Namtepo kesho. Hata kama baba yangu asingeibwa, hata kama tungekaa kulekule kando ya ziwa na mama zetu wote, bado nisingekuwa Kasunjila.

Ungefikiri baada ya hapo ningeacha. Sikuacha. Moyo wa mtu ni kitu cha ajabu, unaambiwa nyumba si yako na bado unapaka chokaa. Walipokuja makarani wa kuhesabu watu, kijana mmoja alikaa barazani kwetu na kalamu yake, unakumbuka, ulimletea maji. Aliniuliza kabila. Nikasema, "Misheni."

"Hilo si kabila, mwalimu."

"Basi andika unalotaka."

Akaandika Myao, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya pua yangu. Alikuwa amezunguka Masasi yote, amepanda Newala, amefika Kitangari mpaka Tandahimba. Nikamsindikiza njiani kama mtu muungwana, kisha nikashindwa kujizuia.

"Bwana karani, huko kote ulikopita, umekutana na Kasunjila wengine?"

Akacheka. "Mwalimu, mimi nahesabu vichwa, sihesabu majina."

"Lakini huwezi kukumbuka?"

Alisimama akafikiri kweli, kijana wa watu, hakutaka kunivunja moyo. "Hapana," akasema. "Ni ninyi tu hapo nyumbani."

Sisi tu hapo nyumbani. Dada zako wameolewa, na watoto wao wana majina ya baba zao kanisani na ukoo wa mama yako kila mahali pengine. Mama yako hajawahi kuwa Kasunjila isipokuwa kwenye cheti cha ndoa. Kwa hiyo "sisi" maana yake mimi na wewe. Na kuanzia kesho ni mimi.

Juzi nilijaribu kumweleza mama yako kwamba nabaki peke yangu na jina, kwa kuzungukazunguka. Alikuwa anapepeta mchele. Akanisikiliza, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Wewe una jina, Baba Edmundi. Mimi nina watu. Kaka yangu amekufa. Pale pakikosa mtu wa kukaa, mimi nikigombana na wewe nitakwenda kulia kwa nani?"

"Tumegombana lini?"

"Kila siku," akasema, na akaendelea kupepeta.

Nikaona ana haki. Yeye anapata ndugu kesho. Watoto wa marehemu wanapata mzee wa kuwasemea, mikorosho inapata mwenyewe, babu Lipande anapata usingizi. Hesabu yote inakubali, ila mimi tu nimebaki nje ya hesabu, na sina wa kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyenidhulumu. Wewe umefanya lililo sawa. Ningependa kukuambia kwamba hilo linanifariji, lakini halinifariji. Nina huzuni, mwanangu. Nimekuwa na huzuni tangu siku ile ya barazani, na naona nitakuwa nayo mpaka mwisho, kama mtu anavyokuwa na goti bovu. Nitaizoea. Haitapona.

Yapo machache tu ninayoweza kukupa kutokana na maisha haya. Dada zako wakikuletea mtoto, amepakwa mafuta amevikwa shati jipya, usicheke. Mchukue. Hata kama huna kitu ndani, mchukue, mpe uji, mwambie akae. Na watoto utakaowazaa wewe watakuwa wa watu wengine, wa mama zao na wajomba zao. Unalijua hilo kwa kusikia, hujalijua kwa kulionja. Siku moja utamtazama mmoja wao ana vidole vyako na mwendo wako, naye anafunga mzigo kwenda kwa mjomba. Msaidie kufunga. Mimi nilikupenda kwa kuwa ulikuwa wangu, na sasa katika uzee huu najifunza kukupenda ukiwa wa watu. Mimi ni mwanafunzi mzito. Darasani kwangu mtu kama mimi ningemrudisha nyuma.

Usijaribu kulificha jina letu mahali, kuliweka katikati ya mengine au kumpa mtoto kwa siri ili kunifurahisha. Nimelitendea mambo mengi jina hili na sitaki mtu mwingine ateseke nalo. Nikifa, watu wa kanisa wataandika Lawrenti kwenye msalaba, na hilo linatosha, hakuna Lawrenti mwingine wa kunichanganya naye.

Jua limeanza kushuka na nasikia sauti za jamaa zako, wanatafuta shemeji yao amekwenda wapi. Limebaki jambo moja la kesho. Babu Lipande amenieleza utaratibu. Tukishafika Chilangala mtakaa uani kwa marehemu, wewe umefunikwa shuka, wanaume wa ukoo upande mmoja na sisi mashemeji upande mwingine, mbali kidogo. Atasimama aliite jina la marehemu kwa sauti, kana kwamba anamwita mtu aliye shambani. Aliyefunikwa huitika papo hapo, ndipo shuka huondolewa. Akisita, wazee husema marehemu amekataa, na shughuli nzima huharibika, na mama yako hatapona aibu hiyo.

Najua utanisikia nikikohoa upande wetu. Najua utafikiri juu yangu kabla ya kufungua mdomo, maana ndivyo ulivyo tangu utotoni. Usifikiri. Ukinyamaza hata kidogo tu nitadhani unanisubiri, na nitasimama mbele ya watu wote nikuite kwa lile jina jingine, na sijui kama miguu yako itabaki pale mkekani. Kwa hiyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Akiita Namtepo, itika upesi, kabla sijapata nafasi.

Baba yako,
Lawrenti Kasunjila